Kompyuta yenye kadi kadhaa za mtandao kama ruta ya nyumbani: nani afanye kazi gani

Kisanduku ambacho fundi wa faiba hukifunga ukutani, iwe ni Umoja, Roysambu au South B hapa Nairobi, kila mtu nyumbani hukiita ruta. Ndani yake mna kazi sita tofauti. Kinageuza mwanga wa faiba kuwa ishara za umeme. Kinaamua pakiti gani, yaani kipande kipi kidogo cha data, ipite wapi. Kinaunganisha poti nne za kebo zilizo mgongoni mwake. Kinarusha Wi-Fi. Kinagawa anwani kwa kila simu na runinga inayojiunga. Tena kinazuia walio nje wasifikie vifaa vyako moja kwa moja. Maadamu kisanduku ni cha kampuni, huna haja ya kujua kazi hizo zinatengana wapi. Ukitaka kompyuta ya kawaida ishike nafasi yake, hapo ndipo ujuzi huo unapohitajika.

Hali ninayokutana nayo mara kwa mara ni hii: mtu amenunua kadi ya poti nne, ameipachika kwenye kompyuta ya mezani, akachomeka kebo zote, halafu runinga haioni printa na simu haipati chochote. Anailaumu kadi. Kadi ni nzima. Kompyuta haijaambiwa ni ipi kati ya zile kazi sita iliyo yake. Msimamo wangu ni kwamba ipewe kazi za kuamua tu: kuelekeza pakiti, kulinda lango, kugawa anwani. Kurusha Wi-Fi, kuunganisha kebo nyingi na kugeuza mwanga wa faiba ni kazi zenye vifaa vyake, na vifaa hivyo huzifanya vizuri zaidi kwa bei ndogo.

Kama nyumba yako ina simu mbili, runinga moja na laini moja ya faiba isiyosumbua, kisanduku cha kampuni kinakutosha, na pesa zako zina kazi nyingine. Mambo hubadilika nyumba inapokuwa na laini mbili, tuseme faiba na ya 5G au ya setilaiti, na unataka moja ichukue usukani nyingine inapokufa. Hubadilika pia mmoja wenu anapofanya kazi kwa mikutano ya video huku mwingine akipakia mafaili makubwa, au unapofunga kamera za ulinzi ambazo hutaki ziwasiliane na seva usizozijua. Na kuna suala la marekebisho ya usalama: visanduku vingi huendelea kutumika miaka mingi baada ya mtengenezaji kuacha kuvirekebisha, ilhali programu ya kompyuta unaisasisha mwenyewe unapotaka.

Kila poti ni mtandao wake

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Poti nne za ndani za kisanduku cha kampuni zimeunganishwa na chipu ya swichi. Chipu hiyo hupitisha data kutoka poti moja hadi nyingine bila prosesa kuhusika. Ndiyo maana ukichomeka runinga kwenye ya kwanza na kompyuta kwenye ya tatu zinaonana papo hapo. Kadi ya kompyuta yenye poti nne inafanana na hiyo kwa nje tu. Kwa macho ya Linux au FreeBSD, mifumo endeshi inayotumika kwa kazi hii, hizo ni kadi nne zilizobanwa kwenye bati moja, na kila moja ni mlango wa mtandao wake. Hakuna data inayovuka kutoka mlango mmoja kwenda mwingine mpaka uamuru.

Amri yenyewe ina sura mbili. Ya kwanza ni kuacha kila poti iwe mtandao wake wenye fungu lake la anwani. Poti ya ndani inapewa 192.168.10.1 na vifaa vyake vyote vinaanza na 192.168.10, poti ya kamera inapewa 192.168.20.1 na kamera zote zinaanza na 192.168.20. Pakiti ikitaka kuvuka kutoka fungu moja hadi lingine lazima ipite mikononi mwa kompyuta, na hapo ndipo unapoweza kusema: simu yangu iruhusiwe kuona kamera, kamera isiruhusiwe kuona simu wala intaneti. Nguvu ya kuwa na kadi kadhaa iko hapa.

Sura ya pili ni kuziunganisha poti mbili au tatu kwa daraja la programu, ili zifanye kama swichi. Inawezekana, na kwa nyumba ya kawaida itafanya kazi. Lakini sasa prosesa inabeba kila pakiti inayotoka runinga kwenda kwenye diski ya sinema, kazi ambayo swichi ndogo ya poti nane ingeifanya bila kuhisi. Nunua swichi. Kadi za kompyuta zihifadhi kwa ajili ya mitandao ambayo kweli unataka itengane.

Kuna kosa la tatu, ambalo si daraja wala mafungu tofauti: kuzipa poti mbili anwani za fungu moja, 192.168.10.1 na 192.168.10.2, ukitarajia vifaa vya pande zote vionane. Kompyuta ikiangalia jedwali lake la njia itaona poti mbili zote zikidai kwamba fungu lile liko kwao. Itachagua moja. Vifaa vilivyo upande wa pili havitapata jibu, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaotokea kwenye skrini.

Kabla ya yote hayo, ni lazima ujue poti ipi ni ipi. Zamani Linux ilizipa kadi majina kwa mpangilio wa kuzigundua, eth0, eth1, na mpangilio huo uliweza kubadilika kompyuta ikiwashwa upya. Kwa ruta hilo ni janga, maana poti ya nje ingeweza kuamka ikiwa ya ndani. Tangu 2013 mfumo wa systemd umezipa kadi majina yanayotokana na mahali zilipopachikwa, mfano enp1s0 au enp3s0f1, na majina hayo hayahami ovyo. Kujua jina moja ni la poti gani, andika `ethtool -p enp3s0f1`, kisha angalia nyuma ya kompyuta: taa ya poti hiyo itawaka na kuzima mpaka usimamishe amri. Chukua kalamu na kipande cha plasta, andika NJE, NDANI, KAMERA, ubandike. Miezi sita baadaye, taa zikiwa zimezima na tochi ikiwa mdomoni, utafurahi.

Safari ya pakiti moja

Tuseme simu iliyo chumbani ina anwani 192.168.10.50 na inataka kufungua ukurasa ulio kwenye seva yenye anwani 203.0.113.80. Simu inalinganisha anwani hizo, inaona seva haiko kwenye fungu lake, basi inaikabidhi pakiti kwa lango: 192.168.10.1, ambayo ni poti ya ndani ya kompyuta yako.

Pakiti inaingia. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inajiuliza kama anwani ya mwisho ni yake yenyewe. Si yake. Sasa kuna swali ambalo wengi hawajui lipo: je, ninaruhusiwa kupitisha pakiti za wengine? Kwenye Linux jibu la kawaida ni hapana. Kompyuta yenye kadi kumi bado itazitupa pakiti hizo kimyakimya mpaka uweke `net.ipv4.ip_forward=1`. Mstari huo mmoja ndio unaoigeuza kompyuta yenye kadi nyingi kuwa ruta.

Ikiruhusiwa, kerneli inapunguza kwa moja namba ndogo iliyo ndani ya pakiti inayohesabu ruta ambazo bado inaruhusiwa kuvuka, ili pakiti iliyopotea isizunguke milele. Pia inaangalia jedwali la njia. Kanuni ya jedwali hilo ni kwamba njia iliyo mahususi zaidi hushinda. Kama kuna mstari unaolihusu fungu la 192.168.20, pakiti za kamera zitaufuata huo. Yasiyotajwa popote yanafuata mstari wa 0.0.0.0/0, unaosema: kila kitu kingine, toa kwa poti ya nje.

Baadaye pakiti inafika kwenye fayawoli, mlinzi wa lango. Kwa nyumba, sheria tatu zinatosha kama msingi: ruhusu pakiti za mazungumzo yaliyokwisha kuanza, ruhusu ya ndani kwenda nje, tupa mengine yote. Kwa kuwa pakiti yetu inatoka ndani, inapita.

Limebaki jambo moja. Anwani zinazoanza na 192.168, pamoja na zile za 10 na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, zilitengwa miaka ya 1990 kwa matumizi ya ndani peke yake. Hakuna ruta ya intaneti itakayoirudisha pakiti kwenye anwani hizo. Kwa hiyo kompyuta inafuta 192.168.10.50, inaandika anwani yake ya nje, na kuandika kwenye daftari lake: mazungumzo yaliyotoka kupitia namba hii ya poti (namba iliyoandikwa ndani ya pakiti, si tundu la kebo) ni ya simu ya chumbani. Huko ndiko kunaitwa NAT. Jibu likirudi, kompyuta inafungua daftari, inarudisha anwani ya simu mahali pake na kuipitisha pakiti ndani. Pakiti ya nje isiyo na mstari wowote kwenye daftari haina pa kwenda.

Kwa sababu hiyo watu husema NAT ndiyo ulinzi. Mimi nakataa. Kazi ya kulinda ni ya zile sheria tatu. Laini yako ikiwa na IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, kila kifaa hupata anwani inayofikika duniani kote bila NAT yoyote. Ukiwa umetegemea NAT na kusahau sheria za fayawoli upande wa IPv6, umeacha mlango wazi.

Wengi huhofia kwamba kompyuta ya kawaida haitaimudu kasi ya laini. Laini ya gigabiti moja kwa sekunde ikijaa pakiti za ukubwa wa kawaida wa baiti 1,500 hubeba takriban pakiti 81,000 kwa sekunde. Prosesa ya mezani ya miaka kumi iliyopita hubeba hizo bila kutokwa jasho. Pakiti zikiwa ndogo kabisa, gigabiti hiyo hiyo hufika karibu pakiti milioni 1.5 kwa sekunde, na hapo ndipo mashine dhaifu huanza kuelemewa, lakini matumizi ya nyumbani hayana sura hiyo.

Mashine yenyewe, na tokeni zake

Luthuli Avenue na barabara jirani zake zimejaa kompyuta za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine nzuri kwa kazi hii, mradi uangalie mambo machache kabla ya kutoa pesa.

Angalia nafasi ya kupachika kadi. Zile ndogo kabisa za ukubwa wa kitabu mara nyingi hazina. Zile za umbo jembamba zinayo, lakini fupi: kadi ya poti nne iliyotolewa kwenye seva huja na bati refu la kuifungia, na bati hilo haliingii kwenye kasha jembamba. Muulize muuzaji bati fupi kabla hujaondoka dukani, maana kulitafuta peke yake baadaye ni usumbufu. Kadi za Intel i350 zenye poti nne zina sifa nzuri, ila za kuigiza ni nyingi, kwa hiyo bei ikiwa ya chini mno jiulize kwa nini. Kwa wanaotaka gigabiti 2.5, toleo la mwanzo la chipu ya Intel i225-V lilikuwa na kasoro ya kupoteza pakiti. I226 iliyofuata ndiyo ya kutafuta. Vigeuzi vya USB vya kebo ya mtandao vinafaa kwa laini ya akiba, lakini laini kuu nisingeiweka hapo.

Kebo nayo ipewe jicho. Nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba, na waya moja ikikatika ndani, poti ya gigabiti inaweza kushuka hadi megabiti 100 bila kulalamika. Amri ya `ethtool enp1s0` itakuonyesha kasi iliyokubaliwa. Ukiona 100 mahali ulipotarajia 1000, badilisha kebo kwanza kabla ya kuigusa programu.

Sasa stima, kwa sababu ruta haizimwi. Kompyuta ya mezani inayokula wati 60 saa zote hutumia yuniti 43 kwa mwezi wa siku 30. Kompyuta ndogo isiyo na feni yenye prosesa kama Intel N100 na poti nne ilizozaliwa nazo hula takriban wati 10 ikiwa imetulia, yaani yuniti 7 hivi. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya yuniti iliyo kwenye risiti yako ya tokeni. Kisha kumbuka kwamba kwa bei zilizoanza Aprili 2023, wateja wa nyumbani hupangwa kwa matumizi ya mwezi, na mipaka iko kwenye yuniti 30 na 100. Nyumba iliyokuwa inatumia yuniti 70 ikiongezewa 43 inavuka mpaka wa 100, na yuniti zake nyingine zote zinapanda bei pamoja. Kompyuta ya ex-UK iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa inaweza kuwa ghali kuliko mpya ndani ya miaka michache. Pima wati kwa mita ya kuchomeka ukutani kabla ya kuamua; nyingine za ex-UK hushuka hadi wati 20 zikiwa hazina kazi, na hizo zinafaa.

Stima ikikatika na kurudi, kompyuta ya mezani kwa kawaida hubaki imelala ikisubiri kubonyezwa. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, programu inayoiamsha kompyuta kabla ya mfumo endeshi, tafuta kipengele kinachoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi, uchague iwake yenyewe. UPS, betri ya akiba, hata ndogo, inayobeba kompyuta, swichi na kisanduku cha faiba pamoja inaokoa diski na mikutano yako.

Wi-Fi ibaki kwa aliyeizoea

Kadi ya Wi-Fi ya laptopu iliyopachikwa kwenye kompyuta inaweza kurusha mtandao, lakini antena zake ni ndogo, imekaa nyuma ya kabati, na nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya kuhudumia vifaa vingi. Ruta yako ya zamani hufanya hivyo vizuri zaidi ukiivua kazi nyingine. Izimie huduma ya kugawa anwani. Ipe anwani isiyogongana, mfano 192.168.10.2. Kisha chomeka kebo kutoka kwenye swichi hadi poti yake mojawapo ya ndani, usiiguse ile iliyoandikwa WAN. Kuanzia hapo inarusha Wi-Fi tu, na simu zinapata anwani kutoka kwenye kompyuta. Ukisahau kuzima huduma ya anwani, nyumba itakuwa na wagawaji wawili, na simu nyingine zitafanya kazi huku nyingine zikigoma, kutegemea nani alijibu kwanza.

Kisanduku cha kampuni na NAT mbili

Faiba bado inahitaji kifaa cha kugeuza mwanga, na mara nyingi kifaa hicho ndicho kisanduku kile kile cha kampuni. Ukichomeka kompyuta nyuma yake bila kubadilisha kitu, anwani zitabadilishwa mara mbili, kwanza na kompyuta kisha na kisanduku. Kuperuzi na video hakutadhurika. Michezo ya mtandaoni, VPN (njia ya siri) ya kuingia nyumbani na baadhi ya simu za intaneti zinaweza kusumbua. Iombe kampuni iweke kisanduku katika hali ya daraja, ili anwani ya nje ifike moja kwa moja kwenye kompyuta. Baadhi ya laini zitahitaji uingize jina na nywila kwa njia ya PPPoE, na hapo ukubwa wa juu wa pakiti hushuka kutoka baiti 1,500 hadi 1,492. Tovuti nyingine zikifunguka na nyingine zikining'inia nusu, anza kuangalia namba hiyo.

Kama hali ya daraja haipatikani, ishi na NAT mbili, lakini hakikisha mafungu ya anwani hayafanani. Kisanduku kikigawa 192.168.1 na wewe ukachagua 192.168.1 kwa ndani, kompyuta itakuwa na fungu moja pande zote mbili na haitajua nje ni wapi. Ndiyo maana nimetumia 192.168.10 tangu mwanzo.

Anwani ya nje ikianza na 100 na namba ya pili ikawa kati ya 64 na 127, kampuni imekuweka wewe na majirani wengi nyuma ya anwani moja. Fungu hilo lilitengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Hakuna mpangilio wa kompyuta yako utakaowezesha kuingia nyumbani moja kwa moja kutoka nje kwa IPv4, yaani anwani za kawaida tulizotumia hadi hapa. Utahitaji anwani ya kulipia, au IPv6, au seva ndogo ya kukodi ambayo nyumba inaunganishwa nayo kwa WireGuard, programu ya VPN.

Laini mbili

Kubadilisha laini kunaonekana rahisi: ya kwanza ikifa, tumia ya pili. Ugumu uko kwenye kujua kwamba imekufa. Faiba ikikatwa na wachimba mitaro huko barabarani, kebo fupi kati ya kisanduku na kompyuta bado ni nzima na taa ya poti bado inawaka. Kompyuta inayoangalia taa peke yake itaendelea kumwaga pakiti kwenye shimo. Ni lazima iwe inauliza mbali zaidi, kila baada ya sekunde chache, kupitia kila laini kivyake.

Iulize nani? Wengi huweka 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Anwani hizo hujibiwa na seva iliyo karibu zaidi nawe, kwa hiyo zinaweza kukujibu vizuri hata njia ya kwenda ng'ambo ikiwa imeharibika. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki kudorora, taa za visanduku majumbani hazikubadilika rangi. Ongeza anwani ya pili iliyo mbali, ya huduma ambayo kazi yako inaitegemea. Kompyuta ikiona zote mbili kimya, ihame; moja ikiwa kimya, ikuarifu.

Tegemea kwamba mkutano unaoendelea utakatika wakati wa kuhama, hata mabadiliko yakichukua sekunde mbili. Anwani yako ya nje imebadilika, na upande wa pili haukutambui tena mpaka programu iunganishe upya.

Foleni

Kama ningeruhusiwa kutaja sababu moja tu ya kuweka kompyuta, ningetaja hii. Mtu nyumbani akipakia faili kubwa, kisanduku hukusanya pakiti zake kwenye hifadhi ndefu kikingoja nafasi. Pakiti ya sauti ya mkutano wako inaingia nyuma ya zote: ni sawa na mwenye swali moja pale Huduma Centre kusimama nyuma ya aliyebeba faili hamsini. Kasi ya laini haijapungua, ila sauti inafika ikiwa imechelewa sekunde nzima. Kuongeza kifurushi husaidia kidogo tu, kwa sababu hifadhi itajazwa tena.

Jim Gettys ndiye aliyepigia kelele tatizo hili kuanzia 2010. Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa mbinu ya CoDel mwaka 2012, inayopima pakiti imekaa foleni muda gani badala ya kupima urefu wa foleni. Ikazaliwa fq_codel, inayoyapa mazungumzo tofauti foleni zao, halafu CAKE, iliyoingia kwenye Linux 4.19 mwaka 2018.

Kuna sharti moja. Mbinu hizi hufanya kazi pale tu foleni inapojengeka kwenye kompyuta yako. Kwa hiyo unaipunguza kasi kwa makusudi: laini ya megabiti 20 uiwekee 18. Unatoa megabiti mbili, na kwa hizo mbili mikutano inaacha kukatika hata mtu akipakia siku nzima. Pima kabla na baada: anzisha ping, amri inayopima jibu linachukua muda gani kurudi, kwenye dirisha moja, anza kupakia faili kubwa kwenye lingine, tazama milisekunde zinavyopanda.

Programu, na siku ya kubadilisha

Programu za kuigeuza kompyuta kuwa ruta ni kadhaa. OPNsense na pfSense ni ndugu. pfSense ilichipuka kutoka m0n0wall mwaka 2004, na OPNsense ikatengana na pfSense mwaka 2015. Zote hukaa juu ya FreeBSD na unazisimamia kwa kivinjari. OpenWrt ilianza 2004 kwa ajili ya ruta ya Linksys WRT54G, lakini huendeshwa pia kwenye kompyuta za kawaida, nayo ina CAKE. Anayependa kujua kila uzi unakopita atachukua Debian tupu, aina ya Linux, na kuandika sheria za nftables, fayawoli yake, mwenyewe. Kwa anayeanza na mwenye laini mbili ningependekeza OPNsense. Kwa anayeumizwa zaidi na foleni, OpenWrt. Kadi za Realtek huenda vizuri zaidi kwenye Linux kuliko FreeBSD, jambo la kuzingatia kama mashine yako inazo.

Usiibadilishe nyumba nzima usiku mmoja kabla ya siku ya kazi. Chomeka kompyuta nyuma ya kisanduku cha kampuni kikiwa kama kilivyo, uunganishe laptopu moja tu upande wa ndani, na uitumie hivyo kwa siku kadhaa. Halafu chomoa kebo ya faiba huku video inacheza, uone laini ya pili inachukua muda gani kushika. Zima soketi ya ukutani, iwashe, usiguse kibodi. Laptopu ikipata anwani yenyewe na ukurasa ukafunguka, andika nywila ya usimamizi mahali ambapo na mwingine nyumbani ataipata, hifadhi nakala ya mipangilio kwenye USB, kisha hamisha Wi-Fi. Kisanduku cha kampuni kiache kikiwa na mipangilio yake ya awali iliyopigwa picha kwa simu, ili kompyuta ikiharibika hata ukiwa safarini, aliyebaki nyumbani aweze kuchomeka kebo moja na kurudi mtandaoni.